Hodi ya Mlango wa Nyuma

Jioni ile tulikwenda kuangalia nyumba, basi. Watu huangalia nyumba kila siku. Wanachungulia choo, wanafungua bomba, wanasema "tutakupigia simu," kisha wanaondoka zao wakiwa wazima.

Nilishuka treni ya wafanyakazi nikiwa bado nanuka mvuke. Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hoteli huko jijini. Mume wangu alikuwa ananisubiri nje ya stesheni, binti yetu mgongoni, begi la vifaa vyake vya ufundi bomba begani. Kabla sijamwona mtoto, nilimsikia. Alikuwa na pumu tangu akinyonya, na akibanwa, kifua chake kilitoa mluzi mwembamba kama wa birika linalotaka kuchemka. Baba yake ndiye aliyembandika jina la Kipenga. "Huyu hapotei hata sokoni," alikuwa akisema. Utani wa mtu aliyekesha mno.

Tulikuwa tukiishi nyuma ya ghala la saruji, karibu kabisa na stesheni. Mji wetu ni wa kulala tu. Asubuhi unamwagika wote jijini, jioni unarudi, kwa hiyo chumba kilicho karibu na treni watu wanakigombania. Lakini vumbi la saruji lilituingilia hadi kwenye sukari. Daktari wa zamu alishatuambia bila kupindapinda: mhamisheni huyu mtoto, la sivyo kuna siku mtanifikia mmechelewa. Ndipo tukaanza kutafuta. Kando ya reli, vumbi. Upande wa kiwanda cha plastiki, moshi. Vikabaki vijiji vinavyouzunguka mji, huko ambako ukikosa basi la mwisho unatembea au unalala kwa watu.

Dalali wetu tulimwita Bwana Mandhari. Hata akikuonyesha chumba kisicho na dirisha, atasifu mandhari. Jioni hiyo alituvusha daraja dogo la mwisho, lile ambalo kijito chake kilishakauka, akatuingiza katika kijiji cha nyumba chache zenye ua wa michongoma. Kulikuwa na utulivu mzuri. Mwanamke mmoja alikuwa anashona kwa cherehani kibarazani kwake. Alipotuona na mtoto mgongoni, aliacha kukanyaga pedeli, akatutazama mpaka tukapita. Sikumsalimia, na yeye hakunisalimia. Nikasema moyoni, haya, majirani wa huku wana maringo.

Nyumba ilikuwa ya tofali, sakafu imesuguliwa ikang'aa, mlango wa mbele na wa nyuma. Bwana Mandhari alibaki nje akipiga simu. Mume wangu alikwenda jikoni kufanya mambo yake. Yeye hanunui maneno ya dalali, anauliza mabomba. Anasimamisha ncha ya bisibisi kwenye bomba, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Anasema bomba halijui kudanganya.

Mimi nilimketisha Kipenga katika chumba cha nyuma, juu ya koti langu, nikampa pampu yake ya pumu. Alivuta. Haikusaidia sana. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, ule mluzi unapanda nao. Jua lilikuwa linazama na ukuta ulikuwa mwekundu.

Mlango wa nyuma ukagongwa, taratibu.

"Hodi..."

Sauti ya kawaida kabisa. Ya mtu mzima aliyechoka kutembea.

"Karibu!" nikasema.

Sikufikiri. Nani hufikiri? Hodi ikipigwa unaitika, hata kama uko bafuni na povu machoni. Nyumba haikuwa yangu, sikuwa nimelala humo hata usiku mmoja, lakini mdomo ulitangulia. Na kwa kuwa mama yangu alinilea nisimwache mtu mlangoni, nikaongeza, "Pita ndani, jisikie uko kwako."

Mlango haukufunguka. Komeo halikusogea.

Lakini kitu kilipita.

Kilinipita miguuni, baridi, na harufu ya blanketi lililokunjwa likiwa bado bichi.  Nilitazama sakafu, nikatazama dirisha. Kisha nikagundua kuna kitu kimepungua mle chumbani, ila sikujua ni nini...

Mluzi.

Mluzi ulikuwa umekoma.

Kipenga alikuwa ameketi wima, mabega yametulia, ananitazama. "Mama," akasema, "nimepona."

Mume wangu aliingia akiwa bado ameshika bisibisi. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akapiga magoti akalia. Nakwambia alilia, mwanaume mzima, hadi dalali akaingia kuona. Jioni ile ile tukakubaliana. Tulipokuwa tunarudi nilimweleza habari ya hodi na kwamba sikuona mtu. Akacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Huyo katuletea baraka."

Tukahamia. Na nisiwe mwongo, mwanzoni tulikuwa na raha ambayo hatukuwahi kuijua. Nilipoteza muda mwingi barabarani, nikaamka mapema zaidi na kurudi nimechoka zaidi, sikujali. Mtoto alikimbia. Alirukaruka uani, akaanguka, akacheka. Pampu ilikaa kabatini. Usiku nililala moja kwa moja, na mtu ambaye hajawahi kulala akisikiliza kifua cha mwanawe hawezi kujua hiyo ni neema gani.

Kisha vikaanza vitu vidogovidogo.

Baba yake alimkatia kipande cha bomba jembamba achezee mapovu ya sabuni. Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mashavu yamejaa, mdomo uko kwenye bomba. Povu halikutoka hata moja. "Hayataki, mama," alisema. Nikachukua mimi, nikapuliza. Yakatoka mengi. Nilimwona akiyatazama kwa wivu.

Chai ya moto alikuwa haipulizi tena. Aliiweka mezani akaisubiri kama mzee.

Halafu siku nyingine nilimwita kutoka uani, "Kipenga! Njoo uoge!" Hakuja. Niliita tena. Akaja polepole, akasimama karibu yangu, akasema kwa upole, "Msiniite hivyo. Hilo jina si langu."

Nilimwambia mume wangu. Akasema mtoto anakua, anaona aibu. Nikakubali, maana nilitaka kukubali.

Mpaka jioni aliyorudi mapema kutoka kazini. Nilimkuta katika chumba cha nyuma, chumba cha mtoto, amesimama akiwa ameelekea ukuta, bisibisi sikioni. Hakugeuka niliponena naye. Alinyoosha mkono tu, akanivuta, akanipa mpini.

"Sikiliza," akanong'ona.

Nikaweka sikio.

Mwanzo nilisikia damu yangu mwenyewe. Kisha, mbali, ndani ya tofali... iii... iii... iii...

Naujua mluzi ule. Nimekaa nao magotini, kwenye mabasi, kwenye foleni za hospitali. Ningeutambua katikati ya karamu.

"Ni maji," nikasema. "Ni hewa kwenye bomba."

"Hakuna bomba kwenye ukuta huu, mke wangu."

Tulitazamana. Kitandani, mtoto alikuwa amelala. Mume wangu alimwendea kwa kunyata, akainama, akaweka sikio kifuani pake. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akanyanyuka.

"Moyo unapiga," alisema. "Pumzi hamna."

Nilileta kioo changu cha mkono, kile cha kupakia wanja. Nikakiweka mbele ya pua ya mwanangu. Nikasubiri. Kioo kilibaki safi. Niliona humo sehemu ya shavu lake, na jicho moja.

Jicho lilikuwa wazi.

"Mama," akasema bila kusogea, "unatafuta nini?"

Asubuhi yake sikwenda kazini. Nilikwenda kwa yule jirani wa cherehani. Kibarazani, pembeni yake, alikuwa ameketi mumewe, mtu mnene mwenye furaha, anayemtabasamia kila anayepita. Nilikuwa nimeambiwa aliwahi kuugua mapafu vibaya, hadi jamaa zake wakaanza kuulizana watamzika wapi. Safari hii nilimtazama kifua. Shati halikusogea.

Mama Cherehani aliona ninapoangalia. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Siku mliyokuja kuangalia," alinong'ona, "nani aliitika?"

"Mimi."

Akafumba macho. "Sisi huku hodi ya mlango wa nyuma haiitikwi. Mwenyeji wa hapa hapigi hodi nyuma, anajua. Ukisikia, unanyamaza hadi ichoke."

"Ni nani?"

"Sijui. Waliotutangulia hawakujua pia. Tena si kimoja. Kila kimoja kinatafuta kifua kibovu. Kinaingia humo, chenyewe kinakaa vizuri. Mwenye kifua kinamweka pembeni... ukutani."

"Na ukaniona napita na mtoto mgongoni! Ukanyamaza!"

Machozi yalimtoka, lakini hakuinamisha uso. "Nyumba ile ikiwa tupu, dada yangu, kinazunguka kwetu sisi. Kila jioni. Nina wajukuu."

Ningempiga. Mkono uliinuka kabisa. Nikamkumbuka mumewe, nikaushusha. Nikamuuliza kama wa kwake bado anasikika ukutani. Alirudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona.

Tuliamua kuhama siku hiyo hiyo. Heri saruji. Mume wangu alimbeba mtoto, mimi nikabeba begi moja, tukatoka mchana kweupe tukiwa kama watu waendao kliniki. Mtoto alikuwa anaimba. Tulipofika kwenye lile daraja dogo, akakatika katikati ya neno.

Hakukohoa. Hakuhangaika. Alizimika tu, kama taa.

Kichwa kilianguka begani kwa baba yake. Midomo ikawa rangi ya majivu. "Twende!" mume wangu alipiga kelele. "Hospitali! Basi lile pale!" Akaanza kukimbia kuelekea barabara kuu. Nilimfuata, nikamshika shati, likachanika. Pumzi yake tulikuwa tumeiacha ukutani, hospitali ingemfanyia nini? Nilimpokonya mtoto. Nilimpiga mume wangu ngumi ya uso, na sijui nguvu ile niliitoa wapi. Nikageuka, nikavuka daraja kurudi kijijini, namkokota mwanangu kama gunia.

Alifumbua macho. "Tumefika mjini?" aliuliza.

Tangu hapo nyumba ikagawanyika. Mume wangu alisema yule anayekula mezani si mtoto wetu, mtoto wetu yuko ukutani, tubomoe tumtoe. Alileta nyundo na tindo. Nilisimama kati yake na ukuta.

"Ukibomoa, ukamkosa?" nilimwambia. "Ukimwagika naye chini kama maji?"

"Kwa hiyo tumwache humo?"

"Humo anapumua!"

Aliiweka nyundo chini. Alirudi mjini, akapanga kitanda kwa fundi mwenzake karibu na stesheni, akawa anatafuta mtu anayejua. Mganga, shehe, mchungaji, yeyote. Alikuja kila Jumapili na mtu mpya au na mikono mitupu. Waganga wengine waliishia darajani. Mmoja aliingia hadi sebuleni, akanusa, akaomba maji ya kunywa, akatorokea dirishani.

Mimi niliacha kazi. Ningeendaje? Nilikuwa na watoto wawili sasa. Mmoja alinisaidia kuosha vyombo, akaniuliza maswali, akalala amejikunyata mgongoni pangu. Na niseme ukweli wangu: nilimpenda. Alikuwa na uso wake, na kovu lake la goti. Wa pili alikuwa nyuma ya plasta, na nilikaa naye mchana kutwa, nimebandika kiganja mahali mluzi ulipokuwa na nguvu zaidi. Nilimwimbia. Nilisugua dawa ya kifua pale ukutani, mpaka plasta ikapata doa la mafuta. Siku za vumbi, mluzi ulipozidi, nilichukua ile pampu kabatini nikaipulizia kwenye ufa.

Usicheke. Ilisaidia. Mara mbili tatu nilimsikia akitulia.

Kisha pampu ikaisha. Nikaagiza nyingine kwa mume wangu, awahi nayo Jumapili.

Ilikuwa Ijumaa, jua linazama. Upepo ulikuwa umevuma tangu adhuhuri, vumbi tupu. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni anapanga karata. Nilisikia ukuta ukikaza... iii... kisha muda... iii... Nikaruka. Niliweka kiganja, nikaweka sikio, nikaweka shavu. Nilikamua pampu tupu kwenye ufa, ikatoa mlio wa plastiki tu. Nikaweka mdomo wangu pale ufani, nikampulizia pumzi yangu mwenyewe. Nikapuliza hadi macho yakaona giza.

"Pumua, Kipenga. Pumua mama. Pumua na mimi..."

iii...

Nilihesabu moyoni. Nilisubiri.

"Kipenga?"

Hakuna.

Niligonga ukuta. Kwa kiganja, kwa ngumi, kwa paji la uso. Mwanangu alikufa akiwa upande wa pili wa plasta na mimi sikupata hata kumshika mkono. Nililia kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia, na hakuna aliyekuja.

Nyuma yangu, karata ziliacha kupangwa.

Nikasikia mtu anavuta hewa. Ndefu, ya kushiba, kama anayeibuka kutoka majini. Kisha akaitoa. Kisha akavuta tena.

Niligeuka. Mtoto alikuwa ameweka mkono kifuani, anautazama ukipanda na kushuka. Alitabasamu.

"Mama," akasema. "Sasa tunaweza kuhama."

Jumapili mume wangu alifika na pampu mpya mfukoni. Mtoto alimkimbilia. Alimkimbilia hadi darajani, akalivuka, akamrukia shingoni upande wa pili. Nikiwa mlangoni nilimwona mume wangu akiduwaa. Alimweka chini, akapiga magoti pale pale barabarani, akabana sikio kifuani pake. Halafu alipiga yowe. Alikuja mbio amembeba, uso umelowa.

"Anapumua! Mama, anapumua! Safi kabisa, hata mluzi hamna!"

Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma na bisibisi yake. Alisikiliza juu, akasikiliza chini, akasikiliza kila pembe. "Kimya," alisema, anacheka na kulia kwa pamoja. "Ukuta mtupu. Ametoka. Amerudi kwake. Unaona? Mungu yupo!"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote. Nilimtazama mume wangu, jinsi alivyokonda, lile kovu la ngumi yangu likiwa bado shavuni. Hakuwa amecheka tangu siku ya daraja.

Nikanyamaza.

Alikuwa ameshapata nyumba, mtaa wa walimu, karibu na shule. Watoto wengi, alisema, mtoto hatakosa wenzake, wengine wana pumu vilevile, watasaidiana. Alianza kubeba vitu. Magodoro, sufuria, kiti. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, nimeegemea lile doa la mafuta, najaribu kukumbuka mwanangu alikuwa anaimba wimbo gani siku ile darajani kabla ya kukatika. Sikuweza kuukumbuka.

Mtoto aliingia. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea. Alisimama mbele yangu, akapumua taratibu, akanyoosha mkono.

"Twende, mama. Baba anatungoja."

Nje mume wangu alikuwa anapiga mluzi wa furaha akifunga kamba mzigo. Nilijua nikibaki, nitakaa na ukuta. Nilijua nikienda, ninakwenda na nini, na ninakipeleka mtaa gani.

Niliutazama ule mkono. Kucha zilikuwa zile zile nilizozikata mimi. Nikaushika, Mungu anisamehe, na ulikuwa na joto.